Waliotafuta Majina Yao Wasiyaone

Tumo katika mwezi wa kuwaombea marehemu, na karatasi za majina zimeanza kuletwa ofisini. Nimezisoma. Familia nyingi za hapa Kanyenye zinaanza vizuri: baba, babu, shangazi waliozikwa juzijuzi. Zikifika kwa mama wa babu, kalamu inasita, na mwenye karatasi anamalizia kwa "ukoo wote".

Kuna nyumba zilizosahau tu, na hizo sina neno nazo. Nyingine zinajua ila zimenyamaza. Mji wetu wa Tabora ulikua juu ya njia ya misafara. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, jina la zamani la hapa, mwaka 1857 waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu wamekwisha kutia nanga huku bara, na pamoja na pembe za ndovu wakipitishwa watu waliofungwa. Wapagazi wa Kinyamwezi kwa kawaida walikuwa watu huru wenye kulipwa ujira wao, na wajukuu wao hujivunia mabega yale. Lakini wapo waliotolewa Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, bila kuulizwa. Wakabaki hapa, wakalima mashamba ya wengine, wakazaa. Wajukuu wao tumekaa nao benchi moja, na wengine ndio sisi wenyewe.

Wala si zamani sana. Wajerumani waliamuru kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa kuanzia mwaka 1906 awe huru. Hali yenyewe ya utumwa ikafutwa kwa sheria ya Waingereza mwaka 1922. Mzee wa miaka 80 anayesali nasi leo huenda alipakatwa na bibi aliyezaliwa akihesabiwa mali ya mtu.

Tena tuna jambo la ajabu. Msibani, watani wakiitana "mtumwa wangu", watu hucheka mpaka machozi. Neno hilohilo likimgusa bibi halisi wa nyumba, watoto wanaambiwa wakacheze nje.

Anayetaka kufuatilia, aanze kwa wazee kabla ya makabati. Aulize majina yote, kwa sababu mtu mmoja aliweza kuwa na jina la kuzaliwa, jina alilopewa na bwana wake, jina la njiani na jina la ubatizo. Kwenye vitabu utakuta moja tu. Aulize hasa upande wa kike. Suria aliyemzalia bwana wake, mtoto alihesabiwa wa baba, na ukoo wa mama ukakatikia hapo. Ukifuata akina baba peke yao utapata ukoo mrefu mzuri, na nusu ya damu yako hutaiona.

Halafu vitabu. Sheria ya Kanisa inaitaka kila parokia itunze kitabu cha ubatizo, cha ndoa na cha wafu. Mapadri Weupe walifika Tabora mwaka 1878, na miongoni mwa kazi zao za mwanzo ilikuwa kukomboa watoto kwa fedha na kuwalea. Mtoto wa namna hiyo alipata jina la mtakatifu na msimamizi wa ubatizo; lakini penye jina la baba na la mama, padri angeandika nini? Tuna pia majalada ya wakati wa Wajerumani, yaliyohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Ila msitarajie makubwa. Serikali ile iliandika kodi na mashauri. Bibi yako huenda akaonekana humo, hasa ikiwa alishitaki au alishitakiwa.

Mtoto mmoja aliyekombolewa namna hiyo tunamfahamu vizuri. Adrien Atiman alizaliwa jirani na Timbuktu, akaibwa akiwa mdogo, akauzwa, akakombolewa na Mapadri Weupe huko Algeria. Alisomea udaktari Malta, akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akatibu watu na kufundisha dini hadi kifo chake mwaka 1956. Maisha yake aliyaandika mwenyewe, na kule kuuzwa hakukuficha. Sijasikia mtu aliyempunguzia heshima kwa hilo.

Fungueni sura ya pili ya Ezra. Ni orodha ya waliorudi kutoka uhamishoni Babeli, sura ambayo wasomaji wengi huiruka. Ndani yake wamo watu wa Delaya, Tobia na Nekoda walioshindwa kuonyesha ukoo wao. Wapo na makuhani waliotafuta majina yao kitabuni wasiyaone, wakazuiwa kuhudumu kwanza. Lakini wale wasio na ukoo walihesabiwa, watu 652, wakapanda kwenda Yerusalemu na wenzao. Idadi yao imeandikwa katika Maandiko Matakatifu pamoja na upungufu wao. Naye Mathayo, katika ukoo wa Bwana, hakumficha Rahabu wala Ruthu Mmoabu, ingawa angeweza kutaja wanaume tu na hakuna ambaye angemuuliza.

Aibu ya utumwa ni ya aliyenunua na aliyeuza. Bibi hana deni. Kumficha ni kumnyang'anya mara ya pili, na safari hii wanyang'anyi ni wajukuu zake.

Basi ziandikeni upya karatasi zenu. Kaeni na wazee wiki hii, waulizeni kwa adabu, na asiyetaka kusema msimlazimishe. Jina mkilipata, liandikeni kamili. Msipolipata, andikeni "bibi aliyetoka Manyema" au "mama yake Maria", kisha mlete karatasi ofisini kabla ya Jumamosi jioni. Nitazisoma altareni kama mlivyoziandika.