Je, Bunduki ya Kale Ni Ukumbusho Tu?

Ziko nchi ambako watu hununua bunduki kuukuu zilizoachwa na majeshi. Huziondolea kutu, huzipaka mafuta, hutengeneza vitako vyake, kisha huzitundika ukutani. Je, wafanya vibaya?

Chuma hakina dhamiri. Mwenye dhamiri ni mtu. Lakini angalieni mambo yaliyopita. Zamani majeshi ya Ulaya yalipopata bunduki mpya, zile za kale ziliuzwa Afrika. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki mpya, bali ukaruhusu magobori. Takataka ya huko ikawa mauti ya huku. Mwaka 1893 Kasongo ilitekwa kwa vita, na bunduki zilikuwa pande zote mbili.

Ukumbusho wafaa pale vita vilipokwisha. Lakini Salamabila, ambako milio ya bunduki imesikika hata miaka hii, mwenye kuutengeneza mtutu wa babu yake aurudishia sauti. Leo ni pambo. Kesho mwizi aichukua, au mwana mwenye hasira.

Basi atakaye kuwakumbuka wazee wake, na auzibe mtutu kwanza. Hivyo atatunza ukumbusho, wala hatatunza mauti.