Uso na Kiatu



Juma hili nimemfikiria Jaji Hiroshi Fujisaki wa Santa Monica, California. Mwaka 1996 alisikiliza kesi ya madai dhidi ya O. J. Simpson, nyota wa michezo na sinema. Mwaka uliotangulia, jopo jingine la raia waamuzi lilikuwa limemwachia huru katika kesi ya jinai ya mauaji ya aliyekuwa mkewe, Nicole Brown, na kijana Ronald Goldman. Kesi ile ilionyeshwa kwenye televisheni miezi mingi, hata mawakili wakawa nyota.

Fujisaki alikataa kamera. Mawakili, wadaawa na mashahidi akawazuia kuizungumzia kesi huko nje. Wanahabari walilalamika, nami siwalaumu, kwa kuwa hukumu ya gizani hutia shaka. Lakini watu waliketi mle ndani wakasikiliza.

Maandiko yanatuonya tusipokee uso wa mtu. Walawi 19 inakwenda mbali zaidi: mwamuzi asimwonee haya mkubwa, na maskini naye asimpendelee kwa umaskini wake. Kamera hutafuta uso. Jaji yule alitaka ushahidi.

Na ushahidi ulikuwa chini, miguuni. Nyayo za damu pale walipouawa zilikuwa za viatu vya Bruno Magli, namba 12. Simpson, akiwa chini ya kiapo, alikuwa amesema viatu vibaya namna ile asingevivaa kamwe. Zikaletwa picha 31 zilizopigwa uwanjani mwaka 1993, naye amevivaa. Februari 1997 jopo likamwona anawajibika kwa vifo vile, kwa mizani ya uwezekano inayotumika katika madai, na fidia ikafika dola milioni 33.5. Fedha hizo hazikumrudishia mzazi yeyote mwanawe.

Ndugu zangu, mwezi uliopita mjane mmoja alileta shauri la mpaka wa shamba mbele yetu wazee wa kanisa. Shemeji yake ndiye aliyetununulia mabati, nami nikampa kiti cha mbele. Nimetubu hilo. Vijana walikuwa wakirekodi kwa simu, na mama yule akawa anazielekea simu badala yetu. Tukapitisha kikapu cha sadaka, simu zote zikaingia humo. Shemeji nikamhamishia kwenye benchi, sawa na mama yule.

Mama alinyamaza kitambo. Kisha akaanza upya, polepole, akimtazama shemeji yake.