Shimo la Mwenye Nyumba

Huku Kasapa, kando ya mji wa Lubumbashi, watu wengi hujijengea nyumba kwa mikono yao. Wakati wa kiangazi mtu huchimba kichuguu, hukanda udongo wake, hufyatua matofali na kuyachoma kwa kuni za mwituni. Kabla ya mvua za Novemba ameingia na mkewe na watoto, naye asema, «Hii ni yangu.»

Ni kweli. Jasho lake limo ukutani, wala mtu asimnyang’anye. Lakini, ndugu zangu, shimo je, ni la nani? Pale palipokuwa na kichuguu sasa maji husimama, mbu huzaliana, na mtoto wa jirani aweza kutumbukia.

Mwenye nyumba hujibu, «Kichuguu hakikuwa cha mtu.» Jibu hilo halitoshi. Mwaka 2015 wataalamu waliopima vichuguu vikubwa vya Katanga walitangaza kwamba kimoja chapata miaka 2000 na zaidi. Mchwa walikianza kabla Bwana wetu hajazaliwa Betlehemu! Kisicho cha mtu si kitu cha kutupwa.

Basi aliyejipatia ukuta amejipatia na shimo. Alifukie kwa vipande vya matofali na majivu ya tanuru, au apande migomba humo, maana mgomba hupenda maji. Visiki vya miti aliyoikata avikinge na moto, navyo vitachipuka.

Na akitaka kuiuza nyumba kabla ya kulifukia? Amwonyeshe mnunuzi shimo kwanza, ndipo apokee fedha.