Mizungusho Miwili ya Ziada

Mto Mkundi hapa Dumila hauna trauti. Samaki huyo anataka maji baridi ya milimani, ndiyo maana Kenya walimpandikiza kwenye mito ya Aberdare, mwaka 1905. Majogoo lakini tunao, na manyoya ya shingo ya jogoo ndiyo hufungiwa nzi bandia, chambo cha trauti ambacho mafundi wa Kenya hukitengeneza kwa mikono kikauzwa Ulaya na Marekani kwa dazeni.

Basi, palikuwa na kijana wa Dumila aliyepata kazi hiyo Nairobi. Mikono yake ilikuwa myepesi. Alifundishwa Adams, nzi aliyebuniwa na Len Halladay huko Michigan mwaka 1922: mwili wa kijivu, na shingoni manyoya mawili ya jogoo, mmoja wa kahawia, mmoja wa mistari. Nzi huyu lazima aelee, na kinachomshikilia juu ya maji ni ncha ngumu za manyoya hayo. Weka unyoya laini wa tetea, utalowa, naye atazama.

Hilo alilishika upesi. Kilichomshinda ni kuacha. Kila akimaliza huona uzi haujakaza, huongeza mizungusho miwili, na tone la vanishi juu yake.

“Mwanangu, acha nafasi mbele,” mama aliyemfundisha alimwambia.

“Sawa, mama,” akajibu, kisha akaongeza tena. Na kweli, nzi wake hawakufumuka hata mmoja.

Mzigo ukafika kwa mkaguzi. Hakutazama rangi wala mabawa. Alishika mshipi mwembamba wa nailoni, akajaribu kuupitisha kwenye tundu la ndoana. Ukagonga vanishi kavu. Akachukua nzi wa pili, wa tatu; ni yale yale. Trei nzima ikarudishwa, na pale mtu hulipwa kwa kilichopokelewa tu.

Wapo watakaosema mkaguzi alikuwa mkali. Mimi naona alikuwa mpole. Mvuvi aliyesimama mtoni maji yakimfika mapajani, giza linaingia na trauti wanaruka mbele yake, angemtukana fundi.

Ukitaka kujifunza kazi hii, anza na ndoana kubwa, namba 12 (namba ikipanda, ndoana hupungua). Nyuma ya tundu acha nafasi ya kichwa peke yake, na vanishi ikiwa bado mbichi, zibua tundu kwa sindano.