Usimuulize Anayepakua

Mjukuu wangu, nimesikia unakwenda Kigali kwa basi. Sikukatazi. Ila wewe una aleji ya karanga, nami nimeuza wali stendi mpaka nywele zikaota mvi, kwa hiyo sikiliza.

Kashata na karanga za kukaanga zinazopitishwa madirishani utaziona, utageuza uso. Ya kuogopa ni ile iliyotwangwa. Ukishuka Dodoma utakuta mlenda, na wengi huunga kwa karanga. Mchicha na kisamvu vivyo hivyo. Uji wa lishe ndio unaotisha zaidi, maana ukiutazama ni uji tu wa kumpa mgonjwa, kumbe karanga mara nyingi zimesagwa humo pamoja na mahindi, ulezi na soya. Ukivuka mpaka pale Rusumo utapewa isombe. Ni kisamvu hichohicho, na karanga humo ni jambo la kawaida; wenyewe wanaziita ubunyobwa. Liandike jina hilo kwenye karatasi, uwe unaonyesha.

Sasa, usimuulize anayepakua kama kuna karanga. Huyo kijana ana foleni ya wateja na dereva anapiga honi. Atakwambia "hamna" ili ulipe ule. Wala hakudanganyi, hajui. Zunguka nyuma jikoni. Mpe shikamoo aliyepika, umuulize: "Mama, mboga hii umeiungaje?" Mpishi akiulizwa hivyo hutaja kila kitu, kwa raha zake. Na usimwambie huli karanga, atadhani unadeka. Mwambie ukila koo linaziba. Kisha tazama mwiko, kwa sababu wengi wetu stendi mwiko ulikuwa mmoja, umetoka kwenye mchicha umeingia kwenye maharage. Ukiona hueleweki, nunua ndizi mbivu umenye mwenyewe.

Kwa wenyeji wako ndiko kugumu kuliko hotelini. Ukingoja sahani itengwe ndipo useme, umeshachelewa: mama wa watu kaamka alfajiri kwa ajili yako. Mpigie simu kabla hujapanda basi. Hakuna anayetaka mgeni aanguke sebuleni kwake.

Ile sindano ya adrenalini ikae mwilini mwako, isiwekwe kwenye begi la buti. Joto la kule huiharibu, tena nani atakufungulia buti katikati ya pori? Jirani yako wa kiti mwonyeshe ilipo, na kwamba inachomwa pajani, upande wa nje. Utajisikia haya kumweleza mtu usiyemjua, mweleze hivyohivyo. Vidonge vya aleji ni vya mwasho. Koo likianza kubana usikae kuvisubiri, choma, halafu utafute hospitali hata kama umepata nafuu, kwani hali hiyo huweza kurudi baada ya saa kadhaa. Muulize daktari wako akuandikie na sindano ya pili. Kutoka Singida hadi Nzega, na Nzega hadi Kahama, ni mwendo.