Kimbilio au Utoro?

Vijana wengi leo, kazi za mchana zikisha, hufungua simu wakawaandikia marafiki wasiowaona, tena kwa majina ya kubuni. Wazee huwalaumu kwamba wameyakimbia maisha. Je, kila akimbiaye ni mtoro?

Tumtazame Anne Frank, binti wa Kiyahudi aliyejificha mjini Amsterdam tangu Julai 1942 hadi Agosti 1944, kwa kuwaogopa Wanazi. Alimbuni rafiki, akamwita Kitty, akamwandikia shajara yake mfano wa barua. Lakini hakumsimulia habari za peponi. Alimweleza hofu, uhaba wa chakula, ugomvi wa watu wanane waliobanana maficho, na kasoro zake mwenyewe. Aliyapa maisha yake kisogo kwa saa moja, kisha akayageukia na kuyatazama vema zaidi.

Kimbilio hilo halikumwokoa. Alifia kambini Bergen-Belsen mwaka 1945. Hata hivyo, yale aliyoyaona yamesalia, nasi twayasoma.

Basi, walimu wenzangu, mtoro huondoka ili asahau, na mwenye kimbilio huondoka ili apate kuona. Kabla ya kumkemea mwanafunzi kwa kuondoka, yafaa tumwulize amerudi na nini.