Mfano wa Mto na Mfano wa Nyumba



Pale Igawa, barabara kuu ya Iringa na Mbeya inapovuka Mto Mbarali, pana kituo cha kupimia maji. Mpimaji husoma kimo cha maji tu, na kwa hesabu iliyokwisha kutengenezwa hupata kiasi cha maji yapitayo. Twaistaajabia hesabu hiyo, maana mto mzima wageuzwa kuwa tarakimu moja. Walakini mafuriko yakihamisha mchanga wa chini, kimo chaweza kuwa kile kile na maji yasiwe yale yale. Ndipo sharti mto upimwe tena.

Mfano mwingine watupendeza zaidi. Tangu 1993 Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi huko chini katika Hifadhi ya Ruaha, na lawama zikawa nyingi Usangu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Bruce Lankford wa Chuo Kikuu cha East Anglia, pamoja na wenzake, walileta ubao ulioinamishwa, wenye mfereji ndio mto, na gololi ndizo maji. Wanakijiji waliweka vijiti kuwa mabanio, wakazikinga gololi. Wa juu walijaza mashamba yao, wa chini wakakaa mikono mitupu, na kila mtu akaona kwa macho yake. Nani angesema mchezo huo ni uongo kwa kuwa mto hauna gololi? Ulifaa kwa sababu uliacha mengi.

Lakini yafaa tuulize umeacha nini. Kila kitundu cha ubao ni shamba. Na shamba tumezoea kulihesabu kuwa nyumba moja, na nyumba kuwa mwanamume mmoja. Hapo mwanamke amekwisha kutoweka, naye mara nyingi ndiye apandikizaye mpunga na kuupalilia, na mfereji ule ule humpa maji ya kupikia. Banio likifungwa ili wa chini wapate, shamba laweza kungoja zamu. Ndoo ya jikoni haingoji.

Wala hatuwasemi wengine. Miaka michache iliyopita sisi wenyewe, tukijaza daftari la usharika lenye nafasi ya "mwenye nyumba", tulimwandika mjane mmoja chini ya mwanawe, mtoto wa miaka 12. Mama ndiye aliyelima, ndiye aliyelipa ada ya mfereji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata ardhi na kuimiliki. Daftari letu lilikuwa nyuma ya sheria ya nchi, nasi tulidhani twafuata desturi tu. Wako wasemao kwamba nyumba nyingi zina wanaume, basi kanuni yafaa. Yafaa kwa kuhesabu upesi, wala hatuitupi. Ila haiwezi kumwambia mtu mmoja yeye ni nani.

Mjane yule hakulalamika. Alikuja baada ya ibada, akatuuliza kwa upole kama sasa ni mwanawe atakayekwenda kwenye mkutano wa zamu za maji. Tuliufuta mstari ule mbele yake.